MAREHEMU AMEKUJA KUJIANDIKISHA KUPIGA KURA

"Samahani, dada... Hapa inaonyesha wewe umekufa."

Nilicheka. Nyie, nilicheka mpaka foleni nzima ikageuka!

"Nimekufa?"

"Ndiyo. Mwaka wa tatu sasa."

"Dada yangu, leo nimeamka alfajiri, nimemwogesha bibi wa watu, nimempikia uji, nimepanda treni mbili. Maiti gani hiyo inafanya kazi zote hizo?"

Hakucheka. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, Mfilipino mwenzangu. Akanigeuzia kompyuta yake.

Rowena Catubig. Tarehe yangu ya kuzaliwa. Mji wangu kule Leyte, Ufilipino. Halafu: JINA LIMEFUTWA. SABABU: KIFO.

Aliyeleta taarifa: Arnulfo Catubig. Mume.

Kicheko kikanikauka mdomoni...

Ngoja niwaeleze vizuri. Nina miaka kumi na moja Hong Kong, nafanya kazi za ndani. Siku yetu ni Jumapili. Tunatandika maboksi chini ya daraja, tunakula wali na adobo, nyama yetu ya siki, tunawasengenya mabosi mpaka jioni. Kura? Sikuwa na habari nayo.

Wiki hiyo akaunti nisiyoijua, yenye picha ya ua, ikanitumia ujumbe kwa jina langu la utani, Weng.

"Dada Weng, umejiandikisha kura ya ng'ambo? Mwisho Jumapili. Nenda, nakuomba. Usipoenda utajuta."

Nikajua ni mpiga debe wa mwanasiasa fulani. Nikapuuza. Akatuma tena. Na tena!

Shosti wangu Charito ndiye aliyenivuta.

"Twende bwana. Ubalozini kuna kiyoyozi cha bure."

Ndivyo nilivyoenda kuambiwa ni marehemu.

Nikasogea pembeni, nikampigia mume wangu. Sisi tunamwita Nonoy. Hatukujaliwa mtoto, na miaka minne iliyopita aliniambia amepata kazi mji mwingine. Maboksi yangu ya zawadi za Krismasi nikawa nayatuma huko huko.

"Mpenzi! Mbona mapema leo?"

"Nonoy, mimi nimekufa lini?"

Nikasikia anafunga mlango.

"Nani kakwambia?"

Jamani! Hakusema "unaongea nini". Alisema NANI KAKWAMBIA!

"Weng, nisikilize. Nchi yetu haina talaka, unajua. Ningefanyaje? Mke akipotea miaka minne, mahakama inamhesabu amekufa, mwenzake anaruhusiwa kuoa."

"Nimepotea? Jumamosi iliyopita umeniomba viatu namba tisa!"

"Ni karatasi tu, mpenzi."

"Umeoa?"

"...Ndiyo. Lakini wewe ndiye wa moyoni."

Nikaegemea ukuta.

"Tulia hivyo hivyo ulivyo," akaendelea, sasa sauti imepata nguvu. "Nagombea udiwani. Mabango nishachapisha, 'Nonoy, Mtu wa Familia'. Ukijiandikisha leo wataanza kuchimba. Na kura ya ng'ambo haichagui diwani, kwa hiyo hata huwezi kunigusa!"

Hapo alisema kweli. Sisi wa ng'ambo tunachagua wakubwa wa kitaifa tu.

"Halafu Weng... wewe huko ni mfanyakazi wa ndani. Nani atakusikiliza?"

Angeishia kwenye udiwani, labda ningerudi kwenye boksi langu nikalie. Lakini hilo la mwisho... Hapana! Mikono hii imesugua vyoo vya watu miaka kumi na moja ili yeye apate ubavu wa kuchapisha mabango. Leo nisisikilizwe?

Nikakata simu. Nikarudi mezani.

"Dada, nipe fomu."

"Ndugu yangu, kwa hali yako fomu pekee haitoshi. Lazima uape mbele ya afisa kwamba u hai. Na tunafunga saa kumi na moja."

Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Marehemu hana haraka," nikamwambia, "lakini leo anayo."

Nikajaza fomu. Nikapigwa picha. Ikabaki alama ya kidole.

Mashine ikakataa.

Nikabonyeza tena. Ikakataa. Kidole cha pili, cha tatu... wapi! Dawa za kusafishia sakafu zilishavilamba vyote, vimekuwa laini na vikavu kama karatasi.

Mtu mmoja kwenye foleni akadakia: "Mashine nayo inasema amekufa!"

Foleni ikaangua kicheko. Mimi machozi yakanilenga.

Charito hakucheka. Alifungua kontena lake la chakula, akachovya vidole kwenye mafuta ya adobo, akanikamata mkono akaanza kuusugua.

"Charito! Utaharibu mashine ya serikali!"

"Serikali imekuua, na wewe unaihurumia mashine yake? Lete kidole!"

Akakifuta kwa leso. Nikabonyeza.

Tiiit! Ikasoma!

Foleni ile ile ikapiga makofi.

Tukapanda juu kwa afisa wa viapo. Mzee mpole. Akasoma maelezo yangu mara mbili, kisha akatoa karatasi nyingine.

"Mama, kuna na hii. Kiapo cha kujitokeza. Ikifika kwa msajili kule nyumbani, unajua inafanya nini?"

"Hapana."

"Ndoa ile ya pili inakufa. Papo hapo, kwa sababu wewe upo."

Nikashika kalamu... nikairudisha mezani.

Nisiwafiche. Nilimfikiria yule mwanamke. Huenda hajui lolote. Huenda saa hiyo yuko jikoni anampikia mumewe, na mimi kwa saini moja nambomolea nyumba. Kosa lake nini?

Simu ikatetemeka. Ile akaunti ya ua!

"Dada Weng, umefika mezani?"

Nikapiga. Ikapokelewa na sauti ya binti, anaongea kwa kunong'ona.

"Wewe ni nani wewe?"

"Naitwa Jerlyn." Akavuta pumzi. "Mimi ndiye mke wa Nonoy."

Nikakaa chini. Kwenye sakafu, mbele ya afisa!

"Nilidhani wewe ni marehemu, dada. Kila Siku ya Wafu nakuwashia mshumaa. Krismasi iliyopita boksi likafika yeye hayupo, nikasoma jina la mtumaji. Nikajiuliza, marehemu gani anatuma sabuni na nyama ya kopo?"

"Kwa nini hukuniambia wazi?"

"Ungempigia yeye kwanza. Angekubembeleza, ungetulia. Nilitaka uambiwe na mtu asiyejua kubembeleza."

Alikuwa ananijua kuliko ninavyojijua.

"Ananipiga, dada," akasema polepole. "Na kwetu hakuna talaka. Mlango wangu ni mmoja tu. Wewe ufufuke."

Haki ya Mungu, sijawahi kuombwa kitu kizito namna ile.

"Una ushahidi wowote?"

"Wale wa mizigo humpiga picha kila wanapomkabidhi boksi. Anazitunza zote. Amelikumbatia, anacheka, na jina lako na mwaka vinasomeka."

"Nitumie. Halafu fungasha nguo zako."

Nikasaini. Saa kumi na dakika hamsini. Nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Nonoy alipiga simu mara kumi na saba. Nikapokea ya kumi na nane.

"Marehemu anakusalimia," nikamwambia. "Viatu namba tisa kajinunulie."

Mwezi Mei nilipiga kura yangu ya kwanza maishani. Sikumgusa Nonoy, kama alivyosema. Wa kumgusa walikuwa huko huko kwao. Siku Jerlyn alipopeleka zile picha kituo cha polisi, habari zilisambaa na mabango yakapambwa kwa kalamu nene: "MTU WA FAMILIA... YA NGAPI?" Udiwani aliusikia redioni, kapewa mwingine. Kesi ya kuapa uongo bado inamsubiri.

Ndiyo, najua mtaniuliza. Sheria imenirudishia mume. Kwenye karatasi ni wangu tena, zawadi ya kufufuka hiyo! Mwanasheria anashughulikia.

Wewe unayesoma hapa ukiwa ugenini, unayesema kura haikuhusu, nenda kaulize jina lako liko wapi. Usikute wenzio walishakula wali wa msiba wako, na wewe bado unawatumia sabuni.

Jana Jerlyn kanitumia picha kutoka nyumbani kwa mama yake, alikohamia. Umeme umekatika, sufuria ya wali iko jikoni, mshumaa unawaka pembeni.

"Dada, mshumaa huu ulikuwa wako wa Siku ya Wafu mwaka huu," kaandika. "Nimepikia mwanga wake."