Jibu la Swali la Tisa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Karani alikagua mikanda ya gari la mama yake. Aliketi kwenye kiti kimoja baada ya kingine, akavuta mkanda, akaufunga, kisha akaufungua. Mama alitumia gari hilo kuwapeleka watoto wa chekechea shuleni na kuwarudisha makwao. Tangu baba alipofariki, kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wote wawili.

Karani halikuwa jina lake halisi. Mama alimpachika jina hilo kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini barua na fomu zote za nyumbani alizijaza yeye. "Mimi natia saini tu," mama aliwaambia wageni. "Mwenye ofisi ni huyu hapa."

Miezi minane iliyopita, mama alipata ajali. Mtoto mmoja alilia kwenye kiti cha nyuma, mama akageuka kumtazama, na kufumba na kufumbua gari likamgonga fundi viatu aliyekuwa akipita kwa baiskeli. Watoto walisalimika, lakini fundi alivunjika mguu. Kampuni ya bima ililipia matibabu yake, ikalipia na matengenezo ya gari. Hata hivyo, bima ilipokaribia kwisha, kampuni hiyo ilimwandikia mama kwamba ada ya mwaka unaofuata ingekuwa karibu mara mbili.

"Nitahamia kampuni nyingine," mama alisema Jumamosi moja mchana, akiweka fomu mpya mezani. "Hawa wana nafuu. Na wao wakinipandishia kama wale, itabidi gari likae uani."

Walianza kujaza. Jina la mwenye gari, namba ya gari, mwaka lilipotengenezwa. Karani aliandika taratibu, herufi zake zikikaa vizuri ndani ya visanduku. Alipofika swali la tisa, alilisoma kwa sauti: "Je, umepata ajali au kudai fidia katika miaka mitatu iliyopita?"

Mama alilitazama lile swali, kisha akainuka.

"Ngoja nikaanue nguo," alisema.

Nguo zilikuwa zimeanikwa muda si mrefu, bado zilikuwa zinachuruzika maji. Karani alibaki peke yake na kalamu mkononi. Alifikiria gari likikaa uani bila kazi, na mama akizunguka kutafuta vibarua. Aliandika: Hapana.

Mama aliporudi, alipitisha macho kwenye kurasa, akatia saini, akaikunja fomu. Jumatatu aliipeleka ofisini, akaambiwa bima mpya ingeanza siku ile ile ambayo ya zamani ingekwisha, yaani Ijumaa.

Jumatano, Karani akitoka shule, soli ya kiatu chake ilibanduka. Fundi wa karibu alikuwa yule yule aliyegongwa. Karani alisita, lakini hangeweza kufika nyumbani akiburuza kiatu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kiatu kimefungua mdomo, kinaomba chakula," fundi alisema akitabasamu. Aliunyoosha mguu wake wa kushoto kwa uangalifu kabla ya kukipokea. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Mguu unaendeleaje?"

"Unakwenda. Baridi ikizidi unauma, ila natembea." Alipaka gundi, akakibana kiatu kati ya magoti. "Daktari aliniambia bila upasuaji ningekuwa kilema. Niliposikia gharama, nikamwambia anifunge bandeji niende zangu nyumbani. Siku ya pili akaja kuniambia bima ya mama yako imekubali kulipa. Nililia kama mtoto."

Karani aliinamisha kichwa. Kiatu kilipokuwa tayari, alilipa, akashukuru na kuondoka. Njiani aliwaza jambo moja tu: je, kama fomu ya mwaka ule nayo ingekuwa na uongo, bima ingelipa?

Alimkuta mama akifagia ndani ya gari.

"Mama, nilidanganya kwenye fomu," alisema. "Swali la tisa. Niliandika hapana."

Mama aliacha kufagia. Alikaa kwenye ngazi ya gari, ufagio ukiwa magotini.

"Najua," alisema. "Niliona kabla sijatia saini. Niliinuka pale makusudi, nikakuachia wewe. Nisamehe, mwanangu."

Karani hakuwahi kumsikia mama akiomba msamaha kwa sauti ile. Alikaa karibu naye, na wote wawili wakalia kimya kimya.

Kesho yake, baada ya masomo, walikwenda pamoja kwenye ofisi ya bima. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Mama alimweleza yote bila kuzungusha maneno.

"Mmefanya vizuri kuja kabla bima haijaanza," ofisa alisema. "Kampuni hupeana taarifa za ajali. Mngelipa mwaka mzima, halafu siku mnayotuhitaji tukagundua, tukakataa kulipa. Mngekuwa na karatasi tu, si bima."

Aliwapa fomu nyingine. Safari hii mama aliishika kalamu mwenyewe. Kwenye swali la tisa aliandika: Ndiyo. Nilimgonga mtu wa baiskeli. Kosa lilikuwa langu.

Ada ilipanda. Haikufika ile ya kampuni ya kwanza, lakini bado mama hakuweza kuimudu bima kubwa. Alichukua bima ndogo, inayowalinda abiria na watu wa barabarani. Gari lao lenyewe likiharibika, wangelitengeneza kwa fedha zao. Mama alikubali, akatia saini, na kazi ikaendelea.

Walipotoka nje, Karani aliuliza, "Mama, umenikasirikia?"

"Hapana. Nimejikasirikia mimi." Mama alimshika mkono wakavuka barabara. "Nilidhani uongo ule ungetusaidia sisi. Lakini ambaye angeumia ni mtu mwingine kabisa, amelala barabarani, hajui hata kama tuliwahi kujaza fomu. Ukweli umetugharimu leo, na gharama yake tunaibeba wenyewe. Hivyo ndivyo inavyopaswa. Na siku nyingine ukiniona nakwepa jambo gumu, usinifichie. Niambie, hata kama mimi ndiye mkubwa."

"Nitakuambia, mama," Karani alisema.