Viganja Kwenye Tyubu

Pipa lilikuwa limepinduliwa. Tope la kijani lilitapakaa sakafu nzima ya stoo, na katikati yake ililala tyubu ya trekta, imepasuliwa kwa kisu mpasuo wa urefu wa mkono.

"Usikanyage," Inspekta Ponsiano alimwambia koplo wake, ilhali yeye mwenyewe alikwisha kukanyaga.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya Masuguru. Huo ulikuwa mwaka 1999, mashamba ya mkonge yakiuzwa kwa watu binafsi na wafadhili wakija na mashindano ya kila namna. Haya yalikuwa ya wanafunzi wa Afrika nzima: buni kitu kitakachookoa misitu, maji au ardhi. Yuditha, binti wa kidato cha tatu kutoka Mazinde, alibuni pipa la kugeuza taka za mkonge kuwa gesi ya kupikia, ili mama yake na wenzake waache kukata miti. Gesi ilikusanywa kwenye tyubu ile, ikafuata mpira hadi jikoni. Katika raundi ya kanda kule Handeni, jiko liliwaka mbele ya mgeni rasmi, ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Majaji wa taifa walikuwa wanakuja saa nane mchana. Wakiridhika, Yuditha angesomeshwa mpaka chuo kikuu. Wasiporidhika, basi. Baba yake alikwisha kupunguzwa kazi shambani, na huo ungekuwa mwaka wake wa mwisho shuleni.

Sasa alikuwa ameketi kizingitini. Mwalimu wake wa kemia, Mhina, mtu mwembamba mwenye miwani, alisimama nyuma yake.

"Kufuli halijavunjwa, afande," koplo alisema.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili," Mhina alijibu. "Wangu, na wa mlinzi."

Mlinzi alikuwa Lemayian, Mmasai wa tambarare za Handeni, upande wa Mkata, mzee wa kutosha kupewa shikamoo na Inspekta. Inspekta hakumpa.

"Ulikuwa wapi?"

"Getini. Saa kumi na mbili nawafungulia wapishi. Kurudi, nakuta hivi."

"Hiyo sime ya nini?"

"Ya kazi."

"Kazi ya kupasua matyubu?"

"Afande, mimi nimesikia harufu. Ile ya yai bovu. Leo nyingi kuliko..."

"Nani kakuuliza harufu?"

Inspekta alicheka, na koplo akacheka kwa kuwa mkubwa wake amecheka. Ufunguo, sime, na Mmasai: kesi ilikuwa imekwisha kabla ya chai. Lemayian akatiwa pingu na kupitishwa katikati ya uwanja, mbele ya wanafunzi mia nne waliokuwa mstarini. Hakuinamisha kichwa. Aliyeinamisha ni Mwalimu Mhina, lakini Inspekta alikuwa akiangalia saa yake.

Kituoni, vielelezo vilipangwa mezani. Inspekta aliichomoa sime ili aandike maelezo yake, akaigeuza upande huu na huu. Ilikuwa kavu, haina hata doa la tope.

"Ameifuta," alisema.

"Labda, afande. Ila njoo uone hapa."

Koplo alikuwa ameinamia tyubu. Kwenye mpira mweusi, pande zote mbili za mpasuo, palikuwa na alama za viganja viwili vya tope lililokauka, vidole vikielekeana. Inspekta aliweka mikono yake juu ya alama hizo bila kugusa. Ili viganja vikae vile, ilibidi mtu apige magoti na kubana kwa nguvu.

"Alikuwa anaziba," alisema taratibu. "Amekata, kisha akaziba."

"Mharibifu gani anaziba, afande?"

 Alimtuma koplo akapime viganja vya mshukiwa. Koplo alirudi na karatasi yenye wino: kiganja cha Lemayian kilikuwa kipana, kikizifunika alama zile na kubaki.

Inspekta Ponsiano alikaa akiitazama karatasi ile mpaka masikio yakamwaka moto. Miaka kumi na tisa kazini, na leo alikuwa amemfunga mtu pingu mbele ya watoto kwa sababu ya kabila lake tu. Haraka ile alikuwa akiiita uzoefu. Alinyanyuka, akaenda mahabusu mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

Lemayian aliinuka. "Marahaba."

"Nimekukosea. Nitalisema hilo shuleni pia, palepale uwanjani. Ila naomba unisaidie. Ile harufu uliyotaka kuniambia."

"Tyubu ilikuwa imeshiba. Tangu juzi, ngumu. Naifunika turubai, mtoto amesema nisimwambie mtu. Anataka kumshangaza mwalimu."

"Na kabla ya juzi?"

"Tupu. Tangu watoke Handeni, tupu kabisa."

Yuditha aliletwa kituoni na matroni wake. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini alipoulizwa kuhusu pipa alijibu bila kusita.

"Lilikuwa halitoi gesi, afande. Nikamkumbuka mama. Akitoka shambani, maji ya mkonge yanamwasha mikono, anaosha kwa majivu, inatulia. Nikasema labda na pipa linawashwa tumbo. Nikatia majivu kidogo kidogo, wiki mbili. Juzi ndiyo likaanza."

"Mwalimu alijua?"

"Hapana."

"Na Handeni liliwakaje, bila majivu?"

Binti alikunja uso. "Sijui. Mwalimu ndiye aliyeunga mpira. Mimi niliwasha kiberiti tu."

Inspekta alipiga hesabu. Waliojua tyubu imejaa walikuwa wawili tu, na wote wawili walikuwa wameilea kama mtoto. Aliyeikata alidhani ni tupu, akashtuka ikiwa na pumzi ndani, ndipo akakimbilia kuziba. Sasa nani angedhani ni tupu, na Handeni nzima iliona moto ukiwaka? Ni yule peke yake aliyejua kwamba moto wa Handeni haukutoka humo.

Saa nane kasorobo waliingia maabara ya shule. Lemayian alikuja nao, amekaa kiti cha mbele cha Landrova. Yuditha alibaki mlangoni. Mhina alikuwa akifuta ubao uliokwisha kufutika.

"Mwalimu, ule mtungi wa gesi pale kwenye kona, ulisafiri kwenda Handeni?"

Mkono wa Mhina ulisimama.

"Una haki ya kunyamaza. Lolote utakalosema linaweza kutumika kama ushahidi. Naomba viganja vyako."

Koplo alitandaza karatasi yenye vipimo vya zile alama. Mhina hakungoja kupimwa. Alivua miwani, akakaa juu ya meza ya wanafunzi.

"Siku ile pipa halikutoa kitu," alisema. "Ukumbi umejaa, mgeni rasmi ameketi, mtoto amesimama na kiberiti mkononi. Niliona watamcheka. Mtungi ulikuwa nyuma ya pazia, nikaunga mpira. Nilijiambia ni kwa siku ile moja tu."

"Halafu akashinda."

"Halafu akashinda. Na majaji wa leo wangefungua kila kitu, wangefuata mpira mpaka mwisho. Nikasema heri liharibiwe na mwizi kuliko kujulikana ni la uongo. Nikapindua pipa, nikakata tyubu kupitia turubai, bila hata kuifunua." Alifunika uso. "Ikanipumulia usoni, Inspekta. Ilikuwa imejaa! Nilivuta turubai, nikaibana kwa mikono miwili, nikaibana mpaka ikaisha."

"Na ulipomwona mzee huyu anapitishwa na pingu?"

"Niliangalia chini."

"Mficha uchi hazai, Mwalimu. Hata wangu mimi leo umeonekana."

Yuditha aliingia hatua mbili.

"Mwalimu," alisema. "Kumbe Handeni halikuwaka?"

"Halikuwaka," Mhina alijibu.

"Miezi mitatu nadhani nimeliharibu mimi. Liliwaka Handeni, nikilileta huku halitaki. Nikasema mwalimu amehangaika nami yote yale, nimelivuruga. Niliona aibu kukuambia."

"Nami niliona aibu kukuuliza," Mhina alisema.

Nje gari la majaji lilipiga honi getini. Inspekta alitoa pingu, akazishika kidogo, akazirudisha mfukoni.

"Utaanza na wao, Mwalimu. Kisha twende kituoni."

Mhina aliwaeleza majaji yote, akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Walimsikiliza hadi mwisho. Mwenyekiti wao alikuwa mama mpole. Aliomba kuonyeshwa gesi kidogo tu, hata ya kujaza chupa. Haikuwepo. Akafungua jalada, na kwa kuwa kanuni ilitaka gesi ionekane, na kanuni ni kanuni, akalikata jina la Yuditha kwa kalamu nyekundu, na binti akiwa hapohapo anatazama.