Ribiti Arobaini na Moja

Watu wa Isiolo, nawaambia ya jirani yenu. Kila asubuhi baada ya chai, uani kwa Abdighani, dereva mstaafu wa malori, ulisikika mlio mmoja: ko-ko-ko. Alikuwa akiunda ndege ndogo ya watu wawili. Yeye alisimama nje akipiga ribiti, vile vipini vya chuma vya kuunganisha mabati, kwa nyundo ya upepo. Mkewe Leila, kwa wembamba wake, alilala ndani ya kiwiliwili cha ndege ameshika kipande cha chuma, ili ncha ya pili ya ribiti ibonyee sawasawa. Kazi hiyo ni ya watu wawili, na wa nje haoni ya ndani.

Utulivu huo ulivunjwa na haraka. Abdighani alitangaza msikitini kwamba kabla ya Idd atamrusha binti yao Naimo hadi Sericho kwa nyanya yake. Tangu siku hiyo alipiga bila kungoja Leila aweke chuma sawa.

"Simama, Baba Naimo!" Leila alipaza sauti. "Hii imelala upande. Na za jana pia."

"Kwa nje zinang'aa."

"Ndege haishikwi na mng'ao."

"Wewe shika chuma. Ufundi niachie mimi."

Leila akachukua wanja wake, akatia alama kila ribiti mbovu. Arobaini na moja. Siku Abdighani alipoleta bati la mwisho la kufunga tumbo la ndege, Leila alitoka, akafukia kile chuma ndani ya pipa la unga, akafunika na kulikalia.

"Sifungi kaburi la mtoto wangu," alisema.

Abdighani alitafuta chuma kingine, akamwita Mugendi, muuza miraa wa jirani, mwembamba kama kijiti cha biashara yake. Mugendi aliingia na tochi. Hakukawia.

"Bwana, huku ndani ribiti zimelala upande. Hii kitu itakuua."

"Wallahi? Basi tuzitoe!" Abdighani akarukia drili.

Mnaona, ndugu zangu? Maneno ni yale yale. Tofauti ni ndevu.

"Lakini kuna mtu amenitangulia," Mugendi aliendelea. "Kila mbovu imepakwa wanja. Mimi sipaki wanja. Labda wewe?"

Abdighani aliweka drili chini. Akamtazama mkewe pale juu ya pipa.

"Nisamehe, Mama Naimo."

"Msamaha haukazi ribiti. Nikisema simama, unasimama. La sivyo chuma kinabaki kwenye unga."

"Nitasimama."

Walizitoa zote, moja baada ya nyingine. Idd ilipita. Naimo alikwenda Sericho kwa lori, akatapika njia nzima, akafika mzima. Ndege ingali uani. Ukipita utasikia, "Tayari?" Kisha kimya. Kisha sauti ya Leila kutoka ndani, "Tayari." Ndipo ko-ko-ko.

Funzo

Nyumba ambamo neno la mke huwa kweli pale tu mwanamume mwingine anapolirudia, imeungwa vibaya, hata ikipakwa rangi. Aliye ndani ndiye anayeona. Msikilize mara ya kwanza. Mara ya pili huenda ikakukuta angani.