Hema Kwenye Majani Mabichi

Asubuhi za Raïssa Akimana zilifanana. Alifagia ua, akateka maji bombani, kisha akahangaika kumvalisha sare mdogo wake Shami, ambaye kila siku alikuwa amepoteza soksi. Mama yao, Cécile, alikuwa jikoni akikaanga mandazi ya kuwauzia madereva wa pikipiki pale barabarani Masaka, ukingoni mwa Kigali. Mama huyo alikulia Bujumbura kabla ya kurudi Rwanda, na ukimsikia akigombeza watoto kwa Kiswahili chake ungedhani hajaondoka huko.

“Shami, weye! Soksi iko mguuni, unatafuta nini?”

“Hii ni moja, mama. Ya pili iko wapi?”

“Muulize dada yako. Siku hizi ni mkubwa wa maskauti, anajua yote.”

Raïssa alicheka. Ni kweli, wiki hiyo alijiona mtu mkubwa. Maskauti wa shule yao walikuwa wamepanga kupiga kambi kando ya Ziwa Muhazi likizo ya Aprili, na yeye, akiwa kiongozi wa doria, yaani wa kikundi kimoja cha maskauti, ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua mahali pa kusimamisha mahema.

Kazi kama hiyo hupewi hivi hivi tu. Unaweka umuhigo: unasimama mbele ya watu, unatamka utakachofanya, na siku ikifika unasimama tena useme umekitimiza. Viongozi wakubwa huweka imihigo, na watoto wa shule nao huweka. Raïssa alisimama mbele ya wazazi wote akasema kwa sauti ya kujiamini, “Nitakwenda mwenyewe Muhazi. Nitatembea kila mahali, nami nitachagua uwanja mzuri karibu na mto, ziwa na msitu.” Wazazi walipiga makofi, na mama yake akapiga vigelegele mpaka Raïssa akaona haya. Ubaya wa umuhigo ni kwamba ukishautamka si wako tena, ni wa wote waliokusikia.

Mwalimu wao, Madamu Gahongayire, aliyelelewa Tanzania na kusema Kiswahili kilichonyooka kama rula, alimvuta pembeni.

“Usitazame uzuri peke yake, mwanangu. Ikanyage ardhi. Uliza maji hufika wapi mvua ikinyesha. Tazama na miti iliyo juu ya kichwa chako.”

“Sawa, madamu.”

Siku ya kwenda iliangukia Jumamosi ya umuganda, ambapo Kigali nzima hushika majembe na mafyekeo kufanya kazi za pamoja, na magari hayaanzi safari mpaka kazi iishe. Raïssa, rafiki yake Kenny, na Jean-Luc, kaka mkubwa wa Kenny aliyewasindikiza, waliondoka jua likiwa utosini. Basi lilipowashusha kwenye barabara ya juu, ziwa lilikuwa mbali kule bondeni na mawingu yameanza kukusanyika.

“Mimi leo niko na mechi, sha,” alisema Jean-Luc akitazama simu yake. “Tushuke kule, tupande tena, tutafika nyumbani saa ngapi? Si mnaona kila kitu kutoka hapa? Mto ule, ziwa lile, msitu ule. Na katikati iko uwanja.”

Kwa kweli ulikuwa uwanja wa kupendeza. Kati ya mto mdogo na ziwa palikuwa na ardhi tambarare, imefunikwa na majani mabichi kama zulia jipya la sebuleni. Jean-Luc aliivuta karibu kwa simu, akapiga picha kadhaa.

“Lakini madamu alisema tukanyage,” Raïssa alisema.

“Utakanyaga siku ya kambi,” Kenny alijibu, akacheka.

Raïssa aliitazama njia ndefu ya kushukia. Alikuwa na njaa, na viatu vilimbana. Alijiambia kwamba angerudi siku nyingine. Siku hiyo nyingine haikuja, na ukweli ni kwamba huwa haiji.

Jumatatu, Madamu Gahongayire alimsimamisha mbele ya maskauti wote.

“Haya, kiongozi. Umeutimiza umuhigo wako?”

Jibu la kweli lilikuwa fupi: tulichelewa, hatukushuka. Lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Lakini macho ya watu yalikuwa mengi mno, na vigelegele vya mama bado vilimlia masikioni.

“Ndiyo, madamu,” alisema. “Nimetembea pote. Pale kati ya mto na ziwa ni pakavu, tena pazuri.”

Alionyesha picha alizotumiwa na Jean-Luc, akapigiwa makofi. Akaketi.

Tangu hapo mambo yalikwenda mbio, na Raïssa hakuweza kuyashika. Siku moja alipeleka chaki ofisini, akamkuta madamu akizungumza kwa simu na Bwana Mutabazi, mkuu wa mudugudu, yaani kijiji kile cha kando ya ziwa. Sauti ya mzee ilisikika hadi mlangoni.

“Pale kwenye majani mabichi? Madamu, mmepakagua vizuri? Maana mwezi huu wa nne…”

“Kiongozi wangu amepatembea mwenyewe, mzee, kila kona.”

“Aa, basi. Kama mmefika mkajionea, mimi sina neno. Karibuni sana.”

Raïssa alifungua kinywa. Madamu aligeuka.

“Unasemaje, mwanangu?”

“Hapana, madamu. Naleta chaki.”

Alitoka akijichukia. Jioni hiyo mvua ilipiga mabati ya nyumba yao mpaka wakashindwa kusikilizana. Mama alikuwa akipanga nguo za Shami kwenye mkoba, kwa kuwa mwaka huo wadogo nao walikubaliwa kwenda.

“Mama,” Raïssa alisema, “Shami angebaki tu nyumbani.”

“Abaki? Na vile amelia wiki nzima? Tena mahali umechagua wewe. Nani atamtunza vizuri kuliko wewe?”

Raïssa alizikunja soksi za Shami, akazitia mkobani. Uongo wake ulikuwa wa maneno machache, wa kumaliza aibu ya asubuhi moja. Sasa ulikuwa umekodi basi, umeazima mahema, na umemfungia Shami mkoba. Alilala akiomba Mungu jambo lolote litokee ili safari ivunjike, lakini safari haikuvunjika.

Siku ya kambi jua liliwaka vizuri. Maskauti walishuka kilima wakiimba, wakavuka mto kwa daraja la magogo, wakafika kwenye majani mabichi. Raïssa alipoweka mguu tu alijua. Ardhi ilibonyea, na maji yakachungulia kando ya kiatu. Vigingi vya mahema viliingia kwa kusukumwa na kidole, kama kisu kwenye parachichi.

Madamu Gahongayire alikunja uso. “Raïssa, siku ile palikuwa hivi?”

“Palikuwa… pakavu, madamu.”

“Hm. Watoto wamechoka na wana njaa. Wale kwanza, wapumzike kidogo, kisha tutatafuta pa kusogea.”

Walikula wali na maharage. Shami na wadogo wenzake walijitupa ndani ya hema moja wakasinzia. Pale kambini halikuanguka hata tone, lakini juu kabisa, kule mto unakotoka, mbingu ilikuwa nyeusi. Raïssa aliusikia mto ukibadilisha sauti. Maji yaliyokuwa meupe yakawa ya rangi ya matope, yakabeba matawi, yakapanda ukingo bila haraka, na mara yalikuwa yanapita katikati ya mahema.

“Amkeni! Amkeni!” alipiga kelele.

Alimvuta Shami kwa mkono akiwa bado na usingizi. Kelele zikawa nyingi. Sufuria zilielea, hema moja likang'oka na kuondoka polepole kuelekea ziwani. Madamu alikimbilia darajani, akarudi upesi. Maji yalikuwa yakipita juu ya magogo.

Ilibaki njia moja ambayo wote waliiona, njia nyembamba iliyoingia kwenye matete marefu kando ya ziwa. Kenny na wengine walikuwa tayari wameanza kuielekea.

“Raïssa!” Madamu aliita, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. “Wewe ndiye unayepajua. Njia ile inatokea wapi? Inapanda msituni au inaingia ziwani?”

Wote wakageuka kumtazama. Maji yalikuwa yamefika kwenye magoti ya Shami. Raïssa aliitazama njia ile, akatamani kwa moyo wake wote kujua inakokwenda, na hakujua. Angeweza kusema inapanda. Wangemwamini, kama walivyomwamini tangu mwanzo, na wote wangemfuata. Alihisi vidole vya Shami vikimng'ang'ania.

“Sijui!” alilia. “Madamu, sijui! Sijawahi kufika hapa. Tulipatazama kutoka barabarani. Nilidanganya!”

Madamu alimtazama kama asiyemfahamu, kisha akageuka.

“Kenny, simama! Wote rudini hapa! Hakuna anayeingia kwenye matete! Shikaneni mikono!”

Akapuliza filimbi, akapuliza tena, na watoto wakapaza sauti pamoja naye. Raïssa alipiga kelele mpaka koo likauma, akijua kwamba zaidi ya hapo hakuna analoweza kufanya. Walisimama pale, maji yakipanda, wakingoja mtu yeyote awasikie. Kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko siku zote alizokaa na uongo wake.

Hatimaye watu walitokea kilimani, upande ule ule wa mto, wakikimbia. Mbele yao alikuwa mzee mwembamba mwenye mabuti ya mpira, Bwana Mutabazi.

“Msiingie kwenye matete!” alipaza sauti. “Kule iko shimo la maji! Njooni huku, kwenye mahindi! Iko njia ya ng'ombe!”

Walikwenda wameshikana, wadogo wakibebwa, kupitia shamba la mahindi hadi njia ya ng'ombe iliyojificha nyuma yake, ikipanda kilima. Kutoka juu Raïssa aligeuka kutazama. Njia ya matete ilionekana yote sasa. Iliingia ndani hatua chache tu, kisha ikaishia kwenye maji meusi, mahali wavuvi wanapofunga mitumbwi yao. Raïssa alikaa chini akalia kwa nguvu, Shami akiwa amemwegemea, amelowa chapachapa.

Madamu aliwahesabu watoto, akawahesabu tena, kisha akaketi kando ya Raïssa. Hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Raïssa zaidi.

“Nisamehe, madamu.”

“Na mimi nina kosa langu. Nilitosheka na picha, nikakuachia wewe, mtoto, kazi ya mtu mzima.” Alijifuta matope usoni. “Mzee Mutabazi alitaka kutuonya siku ile kwenye simu. Nilimkata kauli kwa sababu yako.”

“Nilikusikia. Nilitaka kusema, nikashindwa.”

“Najua. Lakini sasa jua linakwenda, na watoto hawa wanahitaji mahali pa kulala. Mzee anasema pale karibu na msitu kuna uwanja. Nenda ukautazame, kisha uje uniambie.”

“Mimi tena?”

“Wewe.”

Raïssa alikwenda peku. Aliukanyaga uwanja ule hadi kwenye kibanda cha ng'ombe kilichokuwa mwisho wake, akapiga ardhi kwa kisigino, akaangalia mahali maji hupita mvua ikinyesha, akainua kichwa kutazama miti. Madamu alimfuatilia kwa macho. Aliporudi, wote walinyamaza wamsikilize.

“Ardhi ni ngumu, madamu, na maji hayasimami. Upande wa mikaratusi kuna tawi kubwa limekauka, tusilale chini yake. Nyuma ya kibanda sikufika. Kuna fahali amefungwa, nilimwogopa. Kwa hiyo huko sijui.”

Kenny alicheka, wengine wakacheka naye. Madamu hakucheka.

“Sikilizeni nyote,” alisema. “Hiyo ndiyo taarifa. Ametuambia alichokiona, na ametuambia asichokiona. Umuhigo haukutaki useme umefaulu hata kama hukufaulu. Unakutaka ufanye kazi kwa nguvu zako zote, kisha useme kweli umefika wapi. Angesema Jumatatu ile kwamba hakushuka, tungepanda basi pamoja naye tukashuka. Uongo haumfichi mtu mmoja aibu tu. Wote wanaomwamini wanaukanyaga wakidhani ni ardhi.”

Kenny aliinamisha kichwa.

“Madamu,” alisema polepole, “hata mimi nilikuwa barabarani siku ile. Nilicheka.”

“Nimesikia, Kenny. Kusanya kuni.”

Kisha Madamu Gahongayire akasimama, akamshika Raïssa mkono, na wawili hao wakaenda pamoja kutazama nyuma ya kibanda.