Zamu ya Nzanzu

"Toa ile CD, tonton."

"Sitoi."

"Toa, nakuambia! Ama niipige nyundo mimi mwenyewe."

"Kanyere, chunga mudomo. CD ya mchezo imeshuka Bangboka na ndege, vijana wa Mangobo muzima wanapanga laini juu yake, na weye unataka kuipiga nyundo? Juu ya katuni?"

"Katuni iko inacheza peke yake."

Tonton Hubert alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Ile ni démo. Mashine ikikosa mutu, inajichezea."

"Na démo inajua namna Nzanzu alikuwa anacheza?"

Hubert akaacha kucheka.

Kanyere alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Shule yake ilipogeuzwa kambi ya askari, mjomba wake Hubert alimpa kazi ya kusimamia chumba chake cha michezo: televisheni moja, mabenchi matano, jenereta uani na mlango wa chuma wa rangi ya buluu. Kaka yake, Nzanzu, ndiye aliyekuwa bingwa wa chumba kile. Aliuawa mwezi wa sita, siku ya kwanza ya zile siku sita ambazo majeshi mawili ya kigeni yalipigana mjini. Hubert aliiambia familia kwamba kijana alikimbilia nyumbani, mabomu yakamkuta njiani.

Katika mchezo wa zamani Nzanzu hakuchagua mpiganaji mwingine ila mzee wa mkuki, mwenye ndevu nyeupe, ambaye vijana walimwita Vieux Lance. Kwenye CD mpya walikuwa wamemchora upya: sasa alikuwa kijana, peku, na kitambaa kichwani. Nzanzu alikufa kabla CD hiyo haijafika Kisangani. Hata hivyo kijana yule wa kwenye kioo alimpiga adui kwa goti mara mbili, akarudi hatua moja nyuma, kisha akagusa sikio lake la kushoto, kama Nzanzu alivyofanya kila alipofurahi.

Alasiri hiyo Josué, aliyekuwa rafiki wa Nzanzu, aliketi kucheza. Manette ya pili, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, ilikuwa sakafuni, waya wake haukuchomekwa popote. Vieux Lance akampiga mara tatu. Josué akainuka, maana sheria ya chumba ilikuwa hiyo: aliyeshindwa anaacha kiti, mshindi anabaki. Wakafuata wengine saba, wote wakashindwa. Na kila baada ya ushindi Vieux Lance aligeuza uso kuelekea kona aliyokaa Hubert, na ndani ya spika kikasikika kiganja kikipiga chuma, ko, ko, ko, na chumba kikanuka petroli na udongo mbichi.

Kesho yake hakuja mtu ila Josué. Hubert akatoa CD, akaivunja kwa goti. Vieux Lance akabaki kwenye kioo.

Hapo Hubert, Mkatoliki wa kuvaa rozari shingoni, alitoka mbio akamleta mwalimu Jafari, Mwislamu wa kutoka Kindu aliyejulikana kwa kutoa majini. Jafari akasoma, akanyunyiza maji. Maji yakakauka kabla hayajagusa kioo.

"Huyu, siku ya kufa alikuwa anafanya nini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Alikuwa ameshinda, mwalimu," Josué akanong'ona. "Mara tisa. Akatoka kukojoa tu, akasema, 'Musiguse kiti changu.' Mara bombe la kwanza, sisi wote tukatawanyika. Tonton ndiye alibaki."

"Na kisha, nani alimushinda?"

"Hakuna."

"Bon. Basi hajaacha kiti. Mutu amushinde kwa haki, atakwenda kulala. Bila vile, atabaki mpaka amupate ule anamungojea."

Wote wakamtazama Hubert. "Mimi sichezi," akasema.

Kanyere akaketi. Alitaka kitu kimoja tu, kaka yake apumzike. Nzanzu mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kwa hiyo alijua magoti yatakuja lini na hatua ya nyuma itakuja lini, akamngojea pale pale, akampiga, akampiga tena, mpaka nguvu za Vieux Lance zikabaki za pigo moja, na ndipo uwanja wa mchezo ukafifia na badala yake ukaja mlango wa buluu, unaonekana kutoka nje, katikati ya moshi, na mkono wa kijana ukiupiga, ko, ko, ko, na kwenye tundu la kufuli jicho la mtu, na sauti ya Hubert ikisema, "Hakuna nafasi humu! Kwenda huko!"

Chumba hicho. Mabenchi matano matupu na mtu mmoja.

"Niliogopa, Kanyere," Hubert alinong'ona nyuma yake. "Nilifikiri askari wako nyuma yake."

Kidole gumba cha Kanyere kilikuwa juu ya kitufe. Pigo moja. Akaiweka manette kwenye benchi, akaacha mpiganaji wake apigwe mpaka akaanguka, kisha yeye akainuka kitini.

"Keti, tonton."

"Mimi ni damu yako!"

"Na yeye alikuwa damu ya nani?"

Jafari aliokota kikombe chake cha maji akatoka, Josué nyuma yake. Kanyere akatoka wa mwisho, akauvuta mlango, akatia komeo kwa nje.

Nje jua lilikuwa kali bado, toleka, zile baiskeli za abiria, zikipita na kengele zao, mama mmoja akinadi majani ya pondu, na ndani Hubert alikuwa anamwita kwa jina, kisha anawaita watakatifu, kisha anamwita marehemu mama yake, akipiga chuma kwa viganja viwili huku harufu ya petroli ikipenya chini ya mlango na kuvipanda vidole vya miguu ya Kanyere kama maji ya baridi, na yeye hakusogea, hakuziba masikio, alisikiliza mpaka pigo la mwisho, mpaka kimya.

Akavuta komeo.

Hubert alisimama kizingitini, peku, bila tone la jasho. Nyuma yake televisheni ilikuwa nyeusi. Alilikunjia jua macho kama mtu aliyelisahau, kisha kinywa chake kikafunguka, na sauti changa, yenye kupasuka kidogo, ikatoka:

"Dada, leo maman amepika nini?"