Chumba Alichomjengea Chiriku

Kivuli kilitangulia taa. Hilo ndilo lililomshtua fundi kwanza, maana katika kazi yake ya kutengeneza magemu ya mtandaoni hakuna kivuli kisichoagizwa: unachora umbo, unaweka taa, ndipo kivuli kinaanguka. Yeye taa alikuwa hajaweka. Lakini miguuni pa yule msichana kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na kivuli, kimejinyoosha sakafuni kuelekea mlangoni.

"Hitilafu tu," akajisemea, kama watu wa kompyuta wanavyojisemea mambo yakiwazidi kimo.

Msichana huyo alikuwa binti yake. Homa ilikuwa imemchukua miezi michache nyuma, mtoto wa pekee, mdomo haukauki maneno hata wakamwita Chiriku. Tangu azikwe, nyumba ilinyamaza mpaka friji ikawa ndiyo msemaji mkuu. Fundi akapata programu mpya ya kuchora vitu unavyoweza kuvizungusha na kuvisogelea ndani ya ukurasa wa tovuti, akaanza kuijaribu kwa kisanduku, kisha mpira, kisha, kabla hajajua anafanya nini, kitanda cha mwanawe na shuka lake la maua. Mwendo wa kurukaruka aliuchukua kwenye video za simu. Kila kitu alikiweka, isipokuwa maneno. Aliandika sentensi akafuta, akaandika nyingine akafuta, kwani kila alichoandika kilikuwa chake, si cha Chiriku. Pale panapoandikwa mtoto atasema nini, akapaacha patupu.

Aliyeliona pengo hilo hakuchelewa.

Ilianza harufu, dawa tamu ya kikohozi na nywele mbichi, ikitoka kwenye vitundu vya spika. Halafu adhuhuri moja, jua likiwaka na watu wakipiga soga barabarani, spika ikasema, "Baba, nifungulie mlango."

Mlango ule ulikuwa picha tu. Hakuutengeneza ufunguke.

Mkewe alitoka jikoni mbio, mikono ina povu. "Nani huyo?" akanong'ona. "Mume wangu, nani huyo anaongea?"

Hapo ndipo angezima. Wewe unayesoma unasema ungezima, lakini hujawahi kuzika sauti ukaisikia tena. Hakuzima.

Tangu siku hiyo mama hakubanduka kwenye kile kiti. Chakula hakigusi, mikono imekuwa ya baridi, na akicheka, kicheko kilisikika kwenye spika kwanza ndipo kikamfika mdomoni. Alasiri moja fundi alirudi kutoka dukani na mkate mkononi, akasikia tangu kizingitini sauti mbili zikinong'onezana, moja ya mkewe na nyingine ya mtoto, akasogea polepole huku ile harufu ya dawa ikizidi, akachungulia juu ya bega la mkewe, akaona kwamba kando ya kitanda kidogo alichokichora yeye kimesimama kitanda kingine ambacho hakukichora, kirefu, cha mtu mzima, na shuka limeshafunuliwa upande mmoja.

"Nani kaongeza kitanda?"

"Mwanangu kanitandikia. Anasema nikalale naye." Hakugeuka. "Mfungulie mlango, nipite."

"Mke wangu, yule si Chiriku."

"Wewe utamjuaje? Siku ile hospitalini ulikuwepo? Ulikuwa ofisini na magemu yako. Leo upo, na bado humfungulii."

Fundi alitoka nje akampigia simu dada yake, akilia waziwazi, naye dada akamleta mganga siku ileile.

Mganga alikuwa mama mnene mwenye miwani, mcheshi. "Nyaya zote hizi kama ndevu!" akasema akiingia. "Mnafuga kambare?" Alipokiona kioo, utani ukamwisha.

"Maneno yake aliyaandika nani?"

"Hakuna. Nilishindwa."

"Basi umejenga mwili ukaacha mdomo wazi. Jini hahitaji zaidi." Akashusha sauti. "Ukizima tu, unamfungia ndani pamoja na mkeo. Mfute, kipande kwa kipande, kwa mkono uleule uliomchora. Mimi nitasoma dua na kumshika mkeo. Atakuita, baba. Usiitike. Ukiitika umempa ruhusa, na huyu mama hutabaki naye."

Fundi akakaa. Alifuta kitanda kirefu, mkewe akapiga yowe mikononi mwa mganga. Akafuta dirisha, shuka la maua, miguu iliyokuwa ikirukaruka, na kila alipofuta spika ilipumua kwa shida, pumzi za kifua kilichojaa, mpaka ukabaki uso peke yake, ukimtazama yeye na si mwingine, ukaita, "Baba!" naye akauma midomo hadi ikatoka damu, ukaita tena, "Baba! Baba, uko wapi?" na machozi yakimtiririka mpaka kwenye kibodi, mbele kabisa ya mtoto wake, hakuitika. Akabonyeza.

Kioo kikawa cheupe. Harufu ikaisha. Mkewe alilegea, mikono ikaanza kupata joto, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa ugenini. Mganga akafuta jasho, akamwambia dada amletee mgonjwa uji.

Akiwa na bakuli la uji mkononi, mkewe akasema, "Siku ile pia aliita hivyohivyo. Mimi nilikudanganya kwamba alilala tu. Alikuwa akikuita wewe, kwa sauti ileile, maneno yaleyale. Nikawa namwambia baba yuko njiani."

Fundi alikitazama kile kioo cheupe. Sasa hapakuwa na wa kumdhuru.

"Naam, mwanangu," akaitika. "Nipo."