Makosa ya Kipindi cha Pili

Siku ya mechi, treni ya Green Line haina adabu. Jeptoo alipanda kituo cha West Bank, hatua chache kutoka maghorofa ya Cedar-Riverside alikokuwa akikaa, akakuta behewa limejaa jezi za kijani na harufu ya bia, watu wote wakielekea mji jirani wa Saint Paul kutazama hoki ya barafuni. Ilikuwa Novemba 2015. Alikuwa amevaa koti refu jekundu, kofia ya njano aliyofumiwa na shangazi yake wa Eldoret, na mabuti mazito yaliyomfanya atembee kama bata. Kwapani alikumbatia kompyuta yake, asije akavunjiwa na mlevi.

Mbele yake jamaa mmoja mnene alikuwa akihubiri kwamba beki Sandvold amezeeka, auzwe mara moja. Jeptoo akashindwa kuvumilia, akanung'unika kwa Kiswahili, akijua hakuna wa kumwelewa.

"Amezeeka wapi? Si ni vile wanamtupa ndani kila moto ukiwaka golini."

"Njo vile!" sauti ikadakia nyuma yake. "Ule muzee banamuonea bule."

Akageuka. Kijana mrefu, koti la bluu lenye nembo ya timu, skafu ya kijivu imefungwa kwa madaha, ndevu zimechongwa kana kwamba anakwenda harusini. Treni ikakata kona, kifua chake kikamgonga Jeptoo begani.

"Pardon, madame. Thaddée. Mutu ya Bukavu, lakini sasa mutu ya Columbia Heights. Unaenda kutazama match?"

"Naenda job. Leo ndiyo first day yangu. Mimi ndiye intern mpya wa statistics."

Thaddée akaangua kicheko hadi jamaa mnene akakatiza mahubiri yake. "Basi karibu mezani, Madame Statistique. Banamba zenye utakula, mpishi ni mimi."

Haukuwa utani. Thaddée alifanya kazi katika chumba cha video. Kila mechi alikaa mbele ya kompyuta yenye ramani ya uwanja, na kila kombora lilipopigwa alibonyeza mahali lilikotokea, kompyuta ikajua ni la timu gani kwa upande wa ramani, naye akaandika nani walikuwa barafuni wakati huo. Jeptoo naye aliyachukua hayo yote, akayachambua mpaka yaseme nani anaibeba timu na nani anabebwa. Mkuu wao, Karin Lindquist, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno, alimpa kazi moja tu: kabla ya siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, mwishoni mwa Februari, alete ripoti ya kuamua kama Sandvold abaki au auzwe. Ripoti ikisimama, ajira ingekuwa yake atakapomaliza shahada ya pili. Ikianguka, karatasi za uanafunzi zingekwisha na angerudi Eldoret. Jeptoo aliipenda Eldoret sana, ila hakuwa tayari kurudi huko na begi la visingizio.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Walianza na chai ya maziwa na sambusa katika mkahawa wa Wasomali pale Cedar. Desemba Thaddée alimshika mkono akimfundisha kutembea juu ya barafu, na walipofika pasipo barafu mkono haukuachiwa. Siku za mechi Jeptoo alitazama kutoka chumbani kwake, blanketi magotini, na kipindi cha kwanza kilipokwisha simu yake ililia. Thaddée alikuwa ametoka kwenye korido, amejibanza pembeni ya mashine ya soda.

"Madame Statistique, umeona ile bao?"

"Nimeona. Na nimeona ukipiga miayo kwa camera."

"Mimi? Ile ilikuwa kukuwaza, chérie."

"Uongo! Ulikuwa unawaza fufu."

"Fufu na wewe, bote babili."

Jeptoo alicheka huku amejificha uso kwenye blanketi, japo chumbani hakukuwa na mtu. Kisha kengele ya kuwarudisha wachezaji barafuni ikasikika kwa mbali.

"Niache niende, match inarudi."

"Aki usikate. Dakika moja tu."

Naye hakukata. Nani angekata?

Kufikia Februari ripoti ilikuwa tayari, na ilikuwa inang'aa. Hoki ina vipindi vitatu, na katika kipindi cha pili timu hubadilishana magoli, kwa hiyo benchi la kupumzikia huwa mbali na goli lako. Beki aliyechoka huhitaji kuteleza safari ndefu kabla ya kukaa. Namba za Jeptoo zilionyesha kwamba tangu Desemba, Sandvold alikuwa akifa katika kipindi hicho: makombora ya wapinzani yalimiminika kila alipokuwa barafuni. Ilimuuma, maana tangu siku ile ya treni alikuwa upande wa mzee huyo. Lakini namba ni namba, akaandika auzwe.

Asubuhi ya kuiwasilisha alikuwa na mtihani chuoni, simu akaizima. Alipotoka alibadilisha nguo chooni, akavaa suti nyeusi na rangi ya mdomo aliyoazima kwa Maureen, mwenzake wa chumba, akakimbilia Saint Paul. Ukumbi wa mkutano ulikuwa na Karin peke yake.

"Mkutano umeahirishwa," Karin alisema. "Thaddée alikuja asubuhi. Anasema namba za kipindi cha pili haziaminiki. Una mpaka Jumatatu."

Jeptoo alitoka bila kuaga. Alimkuta Thaddée kwenye korido, pembeni ya ile mashine ya soda.

"Ulienda kwa boss kabla ya kuja kwangu?"

"Usiku nilisoma ripoti yako, nikarudia video, nikaona namba haiko sawa. Niko nakuita tangu asubuhi, telefone yako imezimwa. Karin alikuwa anatuma ripoti kwa bakubwa. Ningengoja nini? Jeptoo, kosa ni ya mimi..."

"Ungengoja! Hiyo ni kazi yangu, ni maisha yangu! Wewe uko na passport ya hii nchi, mimi niko na nini? Umenizunguka, Thaddée."

"Sikia kwanza, chérie."

"Usiniite chérie. Na usinipigie tena."

Hasira ina miguu ya mbele tu, kurudi nyuma haijui. Jeptoo alilia kutoka Saint Paul hadi West Bank, kofia ya njano imeshuka machoni. Simu ilipolia hakuipokea. Ilipolia tena akaitia kwenye droo ya soksi. Halafu akanawa uso, akafunga lesso kiunoni kama anayekwenda kusonga ugali wa wageni, akafungua kompyuta. Machozi hayakuwahi kurekebisha namba. Alikuwa na siku za kuhesabika, na alikusudia kuzitumia zote.

Ijumaa namba za mechi zilizorekebishwa zikaanza kuingia kwenye mafaili ya pamoja, moja baada ya nyingine, bila salamu, zikiwa na jina la Thaddée. Jeptoo akaziweka za zamani na mpya sambamba. Kosa lilionekana wazi: katika kipindi cha pili ramani ilikuwa kichwa chini. Makombora ya timu yao yalihesabiwa kana kwamba yamepigwa na wapinzani. Ramani ile haigeuki yenyewe. Timu zikibadilishana magoli, aliyekaa kwenye kompyuta lazima aigeuze kwa mkono kabla mchezo haujaanza tena.

Lakini si mechi zote zilizokuwa zimeharibika, na hilo lilimkera. Kwa nini hii iwe kichwa chini na ile iwe sawa? Akaanza kuzipitia. Mechi ya siku yake ya kuzaliwa: kichwa chini. Siku hiyo Thaddée alimwimbia mapumziko mazima, sauti mbaya ajabu. Mechi ya kufunga mwaka: kichwa chini, na walibishana kuhusu ugali na fufu mpaka Thaddée akatoka mbio. Mechi dhidi ya Chicago: sawa kabisa. Jeptoo alikuwa maabara, hakushika simu. Mechi ambayo betri yake ilikufa: sawa.

Akaachia kipanya cha kompyuta. Kila mara aliposema usikate, dakika moja tu, mtu mmoja alirudi chumba cha video akihema, mchezo umeshaanza, ramani haijageuzwa. Kosa la Thaddée lilikuwa na wenyewe wawili, na mmoja alikuwa amejifungia chumbani akimchukia mwenzake.

Jumamosi alimfuata Karin ofisini.

"Thaddée yuko wapi?"

"Nimemsimamisha mpaka msimu uishe. Mechi hizo anazirudia nyumbani, bila malipo. Aliomba mwenyewe."

"Alisema ni kwa nini alisahau kugeuza ramani?"

"Alisema ni uzembe wake. Nilimuuliza mara mbili, hakuongeza neno." Karin akamtazama juu ya miwani. "Kuna kitu ninachopaswa kujua?"

 Eldoret ilimpitia Jeptoo machoni, na baba yake kwenye uwanja wa ndege akijitahidi asiulize chochote.

"Nitasema Jumatatu," alisema. "Mbele ya wote."

Jumatatu asubuhi wakubwa wa timu walijaa ukumbini, wanaume wa tai na vikombe vya kahawa. Jeptoo alivaa kitenge cha zambarau chini ya koti la suti na akazungumza bila kutazama karatasi. Namba mpya zilisema kinyume cha zile za kwanza. Sandvold alitumwa barafuni wakati timu imebanwa kwenye goli lake, na bado, katika kipindi cha pili, wapinzani walipiga machache akiwepo kuliko alipokuwa benchi. Abaki, alisema. Ukiuza nguzo, nyumba haitakungoja ujute.

Meneja mkuu akaegemea kiti. "Wiki iliyopita namba zako zilisema auzwe. Kwa nini leo niziamini?"

Angeweza kujibu kwamba zimehakikiwa, kisha akae chini, na ajira ingekuwa yake. Jeptoo akawafungulia orodha ya mechi.

"Kwa sababu najua kosa lilitoka wapi. Aliyekuwa akiweka namba alichelewa kurudi kutoka mapumziko kwa kuwa alikuwa kwenye simu na mimi. Mechi ambazo hatukuzungumza hazina kasoro hata moja. Nimezipanga hapa, zitazameni."

Kikombe kikawekwa mezani taratibu. Karin hakupepesa macho.

"Na jambo lingine," Jeptoo akaendelea. "Wekeni watu wawili kwenye kazi ile, mmoja amkague mwenzake. Na mmoja wao awe Thaddée. Ndiye peke yake aliyewahi kuja kwenu kusema amekosea. Wengine wote, hamjui kama hawajakosea au hawajasema."

Alasiri hiyo muda wa kubadilishana wachezaji ulifungwa na Sandvold hajaenda popote. Jioni hiyo Karin akampigia.

"Kazi ni yako kuanzia Juni. Yeye arudi Septemba, na wa kumkagua." Kisha akaongeza: "Wakati wa mechi, simu zenu zikae mfukoni."

Kesho yake Jeptoo akapanda basi namba kumi hadi Columbia Heights. Mama yake Thaddée ndiye aliyefungua mlango, harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikamfuata nje.

"Njo wewe mwenye kuliza mutoto yangu?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia, baridi inaingia na wewe."

Thaddée alikuwa jikoni akiosha sufuria, mikono imejaa povu. Alimwona, asigeuke.

"Karin aliniita," alisema. "Sikutaka unitetee kwa huruma."

"Nani ana huruma? Nimetetea kazi yangu, inahitaji mtu anayejisema. Thaddée, kwa nini hukuniambia ni zile simu zangu?"

"Ningekuambia nini? Usiniite tena? Hiyo sauti njo nilikuwa nangoja match nzima." Akaisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. "Nilipenda nipoteze kazi kuliko upoteze yako."

"Nilikutukana hukujibu."

"Ulikuwa na haki nusu."

"Na hiyo nusu ingine naomba msamaha. Nisamehe, mpenzi."

Thaddée akageuka. Jeptoo akasogea karibu, akavua kofia. "Sasa sikia. Nimempigia baba simu. Nimemwambia kuna watu wa Bukavu watakuja kwetu mwezi wa nane kuulizia msichana. Ameuliza mtakuwa wangapi, ajue atachinja mbuzi wangapi."

Sufuria ikaanguka kwenye sinki. "Lakini mimi sijaomba!"

"Ndiyo maana nimekuja. Omba."

"Omba basi, we mutoto!" mama yake akapiga kelele kutoka sebuleni. "Unangoja ile sombe iungue?"

Thaddée akafuta povu kwenye suruali, akamshika mikono yote miwili, akaanza kuomba kwa Kiswahili, akaingiza Kifaransa, akapotea katikati. Jeptoo hakumwacha amalize; alishasema ndiyo.